Kwa nini Metal Gear Rising huwashinda hata wachezaji wazuri

Wateja wanaoleta PS3 (PlayStation 3) mezani kwangu hapa Kariakoo huuliza swali lilelile: mashine ya zamani hivi ina haja ya kutengenezwa? Ikishawaka namwekea mtu Metal Gear Rising: Revengeance. Ilitoka Februari 2013, na gemu za mapigano zinazokwenda kwa kasi ile bila kumpoteza mchezaji ni chache mno. Hata hivyo nawajua vijana wenye mikono mizuri, wababe wa gemu za mpira kwenye mabanda ya gemu ya Sinza na Manzese, walioiacha katikati wakisema haichezeki. Wanaoisifu na wanaoiponda wanaongelea kitu kimoja, na kitu hicho ni kupangua.

Raiden, mhusika unayemchezesha, hana kitufe cha kujikinga. Adui akitaka kupiga, anamulika mwanga mwekundu. Hapo unasukuma stiki ya kushoto kumwelekea yeye na kubonyeza kitufe cha mraba, yaani shambulio jepesi. Pigo lake unalizima kwa pigo lako, na huko ndiko kupangua. Ukiwa na roho ya kungoja mpaka upanga wake ukaribie kukugusa, Raiden anapangua na kurudisha papo hapo, adui anapepesuka. Kipa anayetoka golini kuufuata mpira atanielewa: anayerudi nyuma ndiye anayefungwa. Mwanga ukiwa wa njano, pigo hilo halipanguliwi, kimbia.

Uzuri wake ni kwamba mkono haupumziki. Gemu nyingi zinakutaka uache kushambulia ili ujilinde, kisha uanze upya. Hii haina mapumziko hayo, na hata uhai wako unatoka kwa adui. Ukibana kitufe cha L1, muda unapunguza kasi, stiki ya kulia inakuwa mkono wenye upanga, nawe unachagua mwenyewe pembe ya kukata. Ukipitisha upanga penye kimraba chekundu kilicho mwilini mwa saibogi, yaani adui aliye nusu mtu nusu mashine, Raiden anamchomoa uti wa mgongo, anaubana mkononi, na uhai na nguvu zake vinajaa tena. Wanaita zandatsu. Mchezaji aliyebakiza uhai kidogo hana sababu ya kujificha. Dawa yake iko ndani ya mwili wa yule anayemkimbia. Kwa fundi kama mimi, mpango wa namna hii unapendeza kuutazama, kila kipande kinasukuma kingine.

Wazo la kukata kila kitu lilianza kwa Kojima Productions, studio ya gemu ya Japani, waliolitangaza mwaka 2009 kisha likawakwama. Kazi ikahamia PlatinumGames ya Osaka, waliokuwa wamekwisha kutengeneza Bayonetta, gemu nyingine ya mapigano, chini ya mwongozaji Kenji Saito. Kukata kwa uhuru ni kwa wale wa kwanza, mwendo wa mapigano ni wa hawa wa pili, na mshono umekaa vizuri. Panapolegea ni kwenye kunyatia maadui. Sehemu hizo zipo, lakini nazipita haraka.

Sasa shida. Gemu inayosimama juu ya tendo moja ilipaswa kulifundisha tendo hilo mpaka liingie kwenye vidole. Badala yake unapewa maelezo mafupi, kisha unaachwa. Ule ujuzi wa kukwepa, ambao kwenye gemu nyingine unakuwa nao tangu mwanzo, hapa unaununua kwa pointi. Mtu asiyeutafuta anaingia vitani hana ngao, hana kukwepa, na kupangua hajakuelewa. Mwanzoni atafika mbali kwa kubonyeza hovyo. Kisha anakutana na Monsoon, mmoja wa mabosi, yaani maadui wakubwa wa gemu, ambaye mwili wake unaachana vipande vipande na upanga unapita katikati bila kumdhuru, naye akianza kushusha mapigo yanafuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi. Hapo ndipo vijana wangu wanapoweka padi chini. Siwalaumu hata kidogo, maana hawakufundishwa.

Kamera inaongeza machungu. Stiki inasoma mwelekeo kwa kufuata kamera, kwa hiyo kwenye chumba chembamba kamera ikizunguka ghafla, kushoto kwako kumeshakuwa mahali pengine wakati pigo linashuka. Adui aliye nje ya skrini naye anapiga kama kawaida. Haya ni makosa ya gemu yenyewe, hata mashine iwe mpya.

Mengine ni ya vyombo vyetu. Gemu hii inalenga picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha inakaa milisekunde 17 hivi. Televisheni bapa nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha. Ikichelewa milisekunde 100, mwanga mwekundu unaouona ni habari ya picha sita zilizopita. TV za chogo hazikuwa na ugonjwa huu. Ingia kwenye menyu ya televisheni yako, tafuta mpangilio wa gemu, uwashe. Halafu tazama padi: stiki ya kushoto iliyolegea inapeleka mwelekeo usioutaka, na kupangua kunategemea mwelekeo. Wenye mabanda, nawaomba sana, msimhukumu mchezaji kabla ya kukagua stiki.

Kubadilisha silaha ya pili kunasimamisha pambano na kukupeleka kwenye menyu, jambo lisilofaa katika gemu ya kasi hivi. Muziki, kwa upande wake, ni wa Jamie Christopherson, na umefungwa kwenye mapigano: bosi akifika hatua fulani, sauti ya mwimbaji inaingia, na mwili wako unajua mambo yamegeuka. Kuhusu hadithi nina donge moja. Inaanza Afrika, katika nchi isiyotajwa jina, na waziri mkuu wake N'Mani anauawa mapema. Baada ya hapo safari inahamia kwingine na nchi ile hatuioni tena. Gemu inayozungumzia vita kama biashara ingeweza kukaa nasi kidogo, tujue waliobaki wameishije.

Wengi wanalalamika kuwa ni fupi, na kweli unaweza kuimaliza kwa saa sita au saba. Mimi sioni kasoro hapo, kwa sababu mzunguko wa kwanza ni wa kujifunza. Nunua kukwepa kabla ya kitu kingine chochote, kaa na Monsoon mpaka vidole vizoee, kisha panda hadi kiwango cha ugumu kinachoitwa Revengeance. Adui wanauma vibaya huko, lakini pigo la kurudisha baada ya kupangua barabara nalo linaumiza kupita kiasi, na bosi aliyekusumbua jioni nzima anaweza kuanguka kwa mapigo machache.