Galois hakugundua hesabu yake usiku mmoja

Dhana: Usiku wa kuamkia pambano la bastola, Évariste Galois, mwanahisabati Mfaransa wa miaka 20, aliketi hadi alfajiri akaandika nadharia nzima iliyogeuza aljebra.

Ukweli: Hadithi hii inasisimua, lakini inampokonya miaka yake ya jasho. Mwaka 1829, angali mwanafunzi wa sekondari jijini Paris, alikwisha kupeleka kazi kuhusu milinganyo kwenye Akademia ya Sayansi. Februari 1830 akapeleka nyingine. Mwanahisabati Fourier, aliyekabidhiwa, akafariki Mei, na karatasi hazikuonekana tena. Januari 1831 akaandika upya. Hiyo ndiyo mwanahisabati Poisson aliyoikataa, akisema hoja zake hazieleweki vya kutosha.

Alichofanya usiku wa Mei 29, 1832 ni kuipitia na kuisahihisha karatasi hiyohiyo, na kumwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu ya muhtasari. Pembeni mwa uthibitisho mmoja aliandika kwamba hana muda, na hapo ndipo hadithi ilipoota mizizi.

Tazama kazi yenyewe. Mwanahisabati Abel alikwisha kuonyesha kwamba milinganyo ya kipeo cha tano haina kanuni moja ya kuitatua yote kwa vipeuo (kama kipeuo cha pili au cha tatu). Galois akazama zaidi: basi mlinganyo upi hutatulika hivyo, na upi hautatuliki? Jibu alilipata kwa kuchunguza jinsi majawabu ya mlinganyo yanavyoweza kubadilishana nafasi bila kuvuruga uhusiano uliopo kati yao. Wazo kama hilo hulelewa kwa muda mrefu.

Dhana: Mwanahisabati Cauchy aliidharau kazi ya Galois.

Ukweli: Barua ya Cauchy ya Januari 1830 inaonyesha alikusudia kuizungumzia mbele ya Akademia, maradhi yakamzuia siku hiyo.

Dhana: Alifeli mtihani wa kuingia École Polytechnique, chuo mashuhuri cha Paris, mara mbili kwa ujinga wa watahini.

Ukweli: Mwaka 1828 aliukimbilia kabla ya wakati, bila maandalizi ya kawaida. Mara ya pili, 1829, baba yake alikuwa amejiua muda mfupi tu uliotangulia. Inaniuma kwamba wasimuliaji wengi huuruka msiba huo.

Dhana: Polisi wa mfalme walimuua.

Ukweli: Ni kweli alimpinga Louis-Philippe hadi akafungwa gereza la Sainte-Pélagie. Lakini barua zake za mwisho zinataja ugomvi uliotokana na mwanamke. Alifariki Mei 31, 1832. Chevalier alizinakili karatasi zake, na mwanahisabati Liouville akazichapisha mwaka 1846.