Umehama Nyumba, Kikohozi Kimekufuata

Mama mmoja aliingia kliniki kwangu akiwa amechoka kuhama. Nyumba ya kwanza aliiacha kwa sababu ya vumbi, ya pili kwa sababu ya harufu ya uvundo, na sasa alikuwa kwenye ya tatu, mpya, rangi bado inanuka. Kote huko alfajiri ilikuwa ileile: chafya mfululizo, pua imeziba, macho yanawasha, kifua kimebana. Binti yake naye alikuwa akikohoa usiku. Nikamuuliza ni kitu gani amehama nacho mara zote tatu. Akafikiri kidogo, kisha akacheka mwenyewe. Godoro.

Kazi yangu ni magonjwa ya kifua na mzio (aleji), na wapangaji ni wengi sana kati ya wagonjwa wangu. Wengi hufika wakiwa wameshaamua kosa ni la nani: la mwenye nyumba. Mara nyingine wako sahihi. Lakini kabla ya kugombana na mtu au kumlipa dalali mwingine, mimi hutaka kujua kichochezi, yaani kile kinachoamsha chafya na kikohozi, kimeingiaje. Umekuja nacho, umekirithi kwa aliyekutangulia, au kimo kwenye jengo lenyewe? Jibu ndilo linaloamua nani atoe pesa mfukoni, na kama kuhama kutasaidia chochote.

Tuanze na godoro. Kinachosumbua humo ni utitiri wa vumbi, vidudu jamaa wa kupe vyenye urefu wa takriban robo milimita. Hula magamba ya ngozi tunayopukutisha. Havinywi maji, hufyonza unyevu uliomo hewani, ndiyo maana hustawi pale mtu anapolala na kutoa jasho usiku kucha. Watafiti Voorhorst na Spieksma, wa Leiden kule Uholanzi, ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba vidudu hivi ni chanzo kikuu cha mzio wa vumbi la ndani. Haviumi. Shida ni kinyesi chao, chenye vimeng'enya (protini za kusaga chakula) vinavyodhoofisha utando wa njia ya hewa na kuiamsha kinga ya mwili. Chembe zake ni nzito kiasi, zikitimuliwa hutua chini baada ya dakika chache. Kwa hiyo mashine ya kusafisha hewa, hata iwe ya bei mbaya, haitakusaidia sana hapa: haiwezi kunasa kilichojificha ndani ya mto ulioulalia.

Kinachosaidia ni kufua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, kulivika godoro na mito vifuniko vilivyofumwa kwa karibu sana, na kushusha unyevu wa chumba chini ya asilimia 50. Kipima unyevu ni kifaa kidogo, na napenda kila mpangaji mwenye pumu awe nacho. Niseme ukweli lakini: kifuniko peke yake, kwa watu wazima wenye pumu, tafiti nzuri hazikuonyesha nafuu ya maana. Hatua hizi huzaa matunda zikifanywa pamoja, tena kwa mtu ambaye kipimo kimethibitisha kwamba utitiri ndio adui yake. Ukija kupimwa kwenye ngozi, acha kwanza dawa za kuzuia mzio kwa siku utakazoelekezwa, la sivyo kipimo kitadanganya.

Urithi wa mpangaji aliyetangulia ni hadithi nyingine. Paka akishaondoka, protini ya mate na ngozi yake hubaki kwenye zulia, mapazia na hata kuta kwa miezi kadhaa. Nimewahi kumtibu kijana aliyeapa hajawahi kuishi na paka. Jirani ndiye aliyetuambia kwamba aliyepanga kabla yake alikuwa nao watatu. Chembe hizi ni nyepesi, huelea muda mrefu, na hapo mashine ya kusafisha hewa ina kazi ya kufanya. Zulia lililogandishwa sakafuni omba liondolewe kabla hujaingia, maana ukishalipa kodi maombi hupoteza uzito. Mende nao huacha kinyesi, mate na maganda yanayochochea pumu, hasa kwa watoto. Kupuliza dawa chumba kizima huongeza moshi kwenye kifua ambacho tayari kina tabu. Chambo cha jeli kwenye nyufa, kuziba mianya ya mabomba na kufunika chakula hufanya kazi bora, ila kama jengo lina nyumba nyingi na mnatumia ukuta mmoja, bila mwenye nyumba kushughulikia jengo lote utakuwa unawafukuza kwako wakapumzike kwa jirani.

Unyevu wa jengo ndio unaonitia hasira. Ukungu, yaani kuvu ya ukutani, huhitaji maji tu. Mengine yote, karatasi, rangi, vumbi, unayo tayari. Mpangaji huambiwa "fungua madirisha" na mwenye nyumba hudai ni mvuke wa kupika na kuoga. Inaweza kuwa kweli. Kuna jaribio rahisi: kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, uache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, mvuke wa ndani unageuka maji kwenye ukuta wa baridi, na kuanika nguo nje, kufunika sufuria na kusogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani kutapunguza. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka kwenye ukuta: bomba, paa, au msingi. Hilo halitibiwi kwa dirisha.

Usipake rangi juu ya ukungu. Usiumwagie klorini ovyo pia. Kwenye mbao au jipsamu haifiki mizizi, harufu yake hubana kifua, na ikichanganywa na dawa nyingine za usafi hutoa gesi ya sumu. Wala usilipe maabara ihesabu vijimbegu vya ukungu hewani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu, halikuweka kiwango chochote cha kuita salama. Lilisema unyevu uzuiwe na ukungu uondolewe. Doa linaloonekana linatosha kuwa ushahidi.

Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba, usimpigie simu tu. Weka picha zenye tarehe, matokeo ya alumini, na orodha ya siku ulizoumwa na siku ulizolala kwingine ukapona. Daktari anaweza kuandika kwamba una pumu na kwamba unyevu huizidisha. Hawezi kuapa kwamba ukuta wa chumba chako ndio uliosababisha ugonjwa, na mwanasheria wa upande wa pili analijua hilo, hivyo msimshinikize.

Yule mama alibadilisha godoro, na baada ya miezi miwili alfajiri zake zilikuwa tulivu. Binti aliendelea kukohoa. Tukamwomba mama asogeze kabati la chumba cha mtoto, katika nyumba ile mpya yenye rangi inayonuka. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi hadi usawa wa goti, na bomba la bafu la jirani lilipita hapo hapo.