Sabuni ya Uso: Soma Nyuma ya Chupa Kabla ya Kulipa

Katika maduka ya vipodozi ya River Road na Dubois Road jijini Nairobi, sawa na kwenye rafu za supamaketi, sabuni za uso huuzwa kwa ahadi zilizoandikwa mbele: inaondoa chunusi, inang'arisha, ni ya asili. Ahadi hizo hazikusaidii kulinganisha chupa mbili. Kinachosaidia ni orodha ya viambato iliyo nyuma, kwa herufi ndogo, hasa majina matano au sita ya mwanzo. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kichache, na vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Ndiyo sababu jani la mshubiri linaweza kuchorwa kubwa mbele ya chupa, kumbe nyuma limetajwa baada ya manukato, kwa kiasi kidogo mno kuleta tofauti yoyote.

Jina la kwanza kwa kawaida ni Aqua, yaani maji. Baada yake tafuta kisafishaji, kwa kuwa hicho ndicho kinachoamua sabuni itaifanyia nini ngozi yako. Molekuli ya kisafishaji ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji. Hivyo ndivyo jasho, vumbi na moshi wa matatu vinavyotoka usoni na kwenda na maji. Tatizo ni kwamba haichagui. Inayabeba mafuta ya uchafu pamoja na seramidi, yaani mafuta yanayokaa kati ya seli za ngozi na kuzuia maji ya mwilini yasipotee. Uso unaokaza dakika chache baada ya kuoshwa umeporwa mafuta hayo. Watu wengi hudhani huko ndiko kutakata.

Sabuni ya kawaida ya kipande hutambulika kwa majina Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Palm Kernelate. Hayo ni mafuta ya mawese au ya wanyama yaliyopikwa na kostiki soda. pH yake, yaani kipimo cha asidi (7 ni katikati, chini yake ni asidi), huwa 9 hadi 10, ilhali uso wenye afya una pH ya karibu 5. Ukitumia maji magumu ya kisima, chokaa iliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe, uleule unaouona kwenye beseni, na huo utando hubaki usoni pia. Vipo vipande vinavyofanana na sabuni lakini vimetengenezwa kwa Sodium Cocoyl Isethionate. Hivyo ni vipole zaidi, pH yake iko karibu na ya ngozi, na havifanyi utando huo. Kwa mtu anayependa kipande kuliko chupa, hicho ndicho tunachoshauri.

Kwenye chupa, kisafishaji cha kuogopewa zaidi ni Sodium Lauryl Sulfate. Watafiti wa ngozi huipaka kwa makusudi wanapotaka kuiwasha ngozi ili waipime. Ndugu yake, Sodium Laureth Sulfate, ana molekuli kubwa zaidi, hupenya kidogo, na ukali wake hupungua akichanganywa na Cocamidopropyl Betaine. Kwa hiyo usiihukumu sabuni kwa jina moja. Tazama limeandamana na nani. Decyl Glucoside na Coco-Glucoside ni vipole pia, ingawa povu lake ni dogo. Povu jingi halina uhusiano na usafi.

Chukua mfano wa lebo mbili. Ya kwanza: Aqua, Sodium Laureth Sulfate, Sodium Chloride, Cocamidopropyl Betaine, Parfum. Ya pili: Aqua, Glycerin, Cocamidopropyl Betaine, Decyl Glucoside, Niacinamide. Katika ya kwanza, kiambato cha tatu ni chumvi ya kawaida, iliyotiwa ili sabuni iwe nzito, na uzito huo si dalili ya ubora. Manukato yako nafasi ya tano, juu mno kwa ngozi inayowasha haraka. Katika ya pili, gliserini inayovuta maji iko nafasi ya pili. Mwenye uso mkavu, au anayeona uso ukipauka kwenye baridi ya Julai, achukue ya pili. Mwenye mafuta mengi anaweza kuivumilia ya kwanza, lakini haihitaji.

Tunasisitiza upole kwa sababu ya rangi zetu. Ngozi nyeusi ikiwashwa, hata kidogo, hutengeneza rangi ya ziada mahali hapo, na doa linaweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Mtu huyaona madoa, anaongeza sabuni kali au limau na magadi, na madoa yanazidi. Limau lina asidi kali, na juisi ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuunguza ngozi.

Dawa zilizomo kwenye sabuni nazo zina masharti. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta na kuingia vinyweleoni, hivyo inafaa vichwa vyeusi, yaani vinyweleo vilivyoziba na kuwa na nukta nyeusi. Iache usoni dakika moja au mbili. Ukiisuuza papo hapo, umelipia dawa iliyokwenda na maji. Benzoili peroksaidi inafaa chunusi zenye usaha. Anza na asilimia 2.5 hadi 5, maana 10 huongeza muwasho kuliko inavyoongeza faida, na ufute uso kwa taulo nyeupe kwa sababu huchujua rangi ya nguo. Usianze zote mbili wiki moja. Triklosani usiitafute: Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliizuia pamoja na viambato vingine 18 katika sabuni za kuua bakteria zinazouzwa kwa umma. Methylisothiazolinone ni kihifadhi kinachojulikana kwa kuleta mzio. Aliyewahi kuvimba kope baada ya kunawa alitafute jina hilo kwanza.

Kabla ya kuipeleka sabuni mpya usoni, ijaribu upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, ukiiacha muda uleule ambao ungeiacha usoni. Kisha nawa mara mbili kwa siku, si zaidi: kiasi cha punje ya maharagwe, maji ya uvuguvugu, vidole badala ya brashi, sekunde 30 hadi 60, usuuze hadi kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, ambako sabuni hubaki na kuleta vipele. Paka losheni uso ukiwa bado na unyevu.

Bei ilinganishe kwa mililita. Chupa ya ml 236 kwa shilingi 1,800 ni kama shilingi 7.60 kwa mililita. Ya ml 100 kwa shilingi 900 ni shilingi 9, ingawa inaonekana rahisi.

Jambo moja halina mjadala. Sabuni inayoahidi kuufanya uso mweupe kwa siku chache inaweza kuwa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza vipodozi vya namna hiyo, ila bado vinauzwa. Soma kama kuna mercury, calomel, mercuric iodide au mercurous chloride, na usinunue kifungashio kisicho na orodha ya viambato kabisa. Zebaki hudhuru figo, na huwafikia watoto kupitia taulo na matandiko. Ukishuku unayo, acha kuitumia leo, ifunge kwenye chombo kisichovuja, na uipeleke pamoja na pakiti yake kwa daktari.