Eisprung: je, yai huruka kweli?

Swali: Naishi Ujerumani na mume wangu, tunatafuta mtoto. Kila nikienda kliniki daktari hutaja Eisprung. Maana yake nini hasa?

Jibu: Hutamkwa "aishprung". Ni maneno mawili yaliyoungana: Ei ni yai, Sprung ni mruko. Ndivyo Wajerumani wanavyoita tendo la yai kutoka kwenye ovari. Sisi mtaani tumezoea kusema "siku za hatari". Jina hilo linaniumiza kidogo, maana kwa anayetafuta mtoto kama wewe hizo ndizo siku za heri.

Swali: Kwa hiyo yai huruka?

Jibu: Haliruki. Yai hukomaa ndani ya kifuko chenye majimaji, ambacho hutanuka hadi kufikia kama sentimita 2. Yai lenyewe ni nukta tu, sehemu ya kumi ya milimita. Ukuta wa kifuko hulainika, hupasuka, na yai huchuruzika nje pamoja na ute wake. Mwaka 2008 daktari Jacques Donnez wa Ubelgiji alilipiga picha tukio hilo wakati wa upasuaji: lilichukua kama dakika 15. Hata hivyo, Sprung kwa Kijerumani ni pia ufa, kama ule wa kikombe, na lipo neno Follikelsprung, yaani kupasuka kwa kifuko. Kwangu mimi hilo ndilo sahihi zaidi.

Swali: Nimeambiwa ni siku ya 14. Ni kwa kila mwanamke?

Jibu: Hapana. Hesabu kwa kurudi nyuma: yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Kwenye mzunguko wa siku 32, yai litatoka karibu na siku ya 18. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume huweza kudumu hadi siku 5. Msingoje siku yenyewe. Anzeni ukiona ute wa ukeni unavutika kama ute wa yai bichi.

Swali: Wakati huo huo tumbo la chini huniuma upande mmoja.

Jibu: Hilo nalo Wajerumani wana jina lake, Mittelschmerz: Mittel ni katikati, Schmerz ni maumivu. Ni maumivu ya katikati ya mzunguko, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Yakiwa makali, au yakija na homa, kizunguzungu au hedhi iliyochelewa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni kidole tumbo au mimba iliyotunga nje ya kizazi.