Je, wajua kwa nini mwenye miguu inayowaka moto huuziwa antioksidanti?

Ingia duka la dawa pale Kirumba, Mwanza, useme usiku nyayo zinawaka moto na vidole vina ganzi. Huenda ukaonyeshwa kopo la asidi ya alfa-lipoiki, ambayo ni antioksidanti. Muuzaji hajabuni, hoja yenyewe ina kichwa na miguu.

Kwa mwenye kisukari, sukari ikizidi kwenye damu, seli huzalisha molekuli haribifu nyingi kuliko zinavyoweza kuzizima. Hizo huumiza neva (mishipa ya fahamu) pamoja na vijishipa vya damu vinavyozilisha. Neva ndefu ndizo huathirika kwanza, na zinazofika vidoleni zimetoka kiunoni, karibu mita nzima. Ndiyo maana ganzi huanzia miguuni ikapanda taratibu. Antioksidanti kazi yake ni kuzizima molekuli hizo, na hii ya lipoiki huyeyuka kwenye maji na kwenye mafuta pia, hivyo hupenya kwingi. Mwili huitengeneza wenyewe, ila kiduchu: mwaka 1951 Lester Reed na wenzake huko Marekani walichuja mabaki ya maini yapatayo tani 10 wakaambulia miligramu 30 hivi. Dozi ya siku inayotumika sana leo ni miligramu 600!

Nafuu ipo? Majaribio ya wiki chache, hasa ya dripu nchini Ujerumani, yalionyesha maumivu kupungua. Muda ulipoongezwa, mambo yakabadilika. Utafiti wa miaka 4 uliochapishwa 2011 haukuona tofauti na kidonge kisicho na dawa katika kipimo chake kikuu, na mapitio ya 2024 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yakakuta kwamba baada ya miezi 6 nafuu ni ndogo au haipo. Kwa ushahidi huo, mimi nisingeuza mbuzi ninunue kopo.

Ningeanza na kupima sukari, kisha vitamini B12. Metformin, kidonge cha kisukari cha kila siku, hupunguza ufyonzaji wa B12, kwa hiyo hata anayekula dagaa wa soko la Mwaloni mchana na jioni (nao wana B12 tele) anaweza kupungukiwa, na upungufu huo nao huleta ganzi. Anayetumia insulini amwambie daktari kabla ya kugusa lipoiki, maana inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Na soma lebo za vile "vidonge vya neva" vyenye B1, B6 na B12: B6 nyingi ikitumiwa kwa miezi huharibu neva hizo hizo.