Yaliyokatwa kwenye dodoso la sensa

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Aprili 1911, kila mkuu wa kaya nchini Uingereza alitakiwa kuorodhesha wote waliolala nyumbani mwake, kama makarani wetu wa sensa wanavyotuuliza hadi leo. Sensa hiyo ina thamani ya pekee kwa sababu madodoso yaliyojazwa na wenye nyumba kwa mkono wao yamehifadhiwa, ilhali kwa sensa za nyuma yake kilichobaki, kwa sehemu kubwa, ni vitabu ambamo makarani walinakili majibu.

Swali lililofichua mengi liliwahusu wanawake wenye waume: ndoa ina miaka mingapi, wamezaliwa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamefariki. Tuseme safu za watoto zina tisa, tano na nne, na chini yake idadi ya vyumba ni vitatu, jiko likiwemo. Msomaji hahitaji maelezo zaidi kuijua hali ya nyumba hiyo. Wajane hawakuulizwa swali hilo, lakini wengi walilijibu, na wapo wazazi walioandika hata majina ya watoto waliokwisha kuzikwa. Makarani waliyakata majibu hayo kwa kuwa hayakuhitajika kwenye hesabu, ila chini ya mstari wa kalamu bado yanasomeka, na kwangu mimi hakuna sehemu ya dodoso inayozidi hiyo kwa uzito.

Hata hivyo, nyaraka hizi zisisomwe kwa pupa. Mwaka 1841 makarani waliagizwa kushusha umri wa watu wazima hadi kwenye mafungu ya miaka mitano, hivyo mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Safu ya kazi nayo mara nyingi iliachwa tupu kwa mke wa mtu, hata kama alifua nguo za watu kwa malipo.

Kukosekana kwa jina pia huwa na sababu zake. Mwaka 1911 baadhi ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura walikataa kuhesabiwa, na Emily Wilding Davison akajificha usiku huo ndani ya jengo la Bunge, Westminster. Alikutwa akaandikwa hapohapo, na kwa kuwa mwenye nyumba alikopanga naye alimwandika, mwanamke aliyegoma kuhesabiwa anaonekana kwenye sensa hiyo mara mbili.