Mbolea ya kuku isiyonuka si lazima iwe imeiva

"Beba tu, hii imeiva, hata hainuki." Goma na Bukavu, magunia mengi ya mavi ya kuku yanauzwa kwa maneno hayo, na wakulima wa mboga wanayaamini. Mbolea iliyoiva ni mavi yaliyochanganywa na vitu vikavu, yakarundikwa, yakapanda moto, kisha yakapoa yenyewe kwa sababu vijidudu vimemaliza chakula chepesi. Pua peke yake haiwezi kukuambia kama hayo yote yamefanyika.

Mavi yakianikwa juani, vijidudu vinakosa maji na vinasimamisha kazi, harufu inakatika. Hapo hakuna kilichoiva. Mvua ikilowesha gunia, asidi ya yuriki iliyobaki inageuka amonia, ile inayochoma macho, na miche inaungua. Salmonela nayo, kijidudu kinacholeta kuhara, huvumilia ukavu kwa miezi.

Wengine humwaga chokaa au majivu juu ya rundo ili "kuua harufu". Amonia hupaa zaidi pale rundo linapokuwa na ukali wa chokaa, kwa hiyo kinachopotea hewani ni nitrojeni yenyewe, ile uliyoinunulia mbolea. Harufu ya amonia maana yake ni mavi mengi kuliko vitu vikavu: ongeza maranda, majani makavu au mabua ya mahindi. Mavi matupu ya kuku wa kwenye vizimba huanza vizuri na ndoo 2 hadi 3 za vitu vikavu kwa ndoo 1 ya mavi. Harufu ya mayai viza ni ugonjwa mwingine: maji yamejaa, hewa haipiti. Kamata konzi ukaminye. Maji yakichuruzika, geuza rundo na uongeze maranda makavu. Bukavu, ambako mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, bila paa au turubai hutashinda. Tabaka la sentimita 15 hivi la mbolea ya zamani juu ya rundo jipya huzuia harufu nyingi kuwafikia majirani.

Sasa moto, maana hapo ndipo vijidudu vya magonjwa vinapokufa. Rundo la wazi linatakiwa kukaa kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa angalau mara 5 ndani ya siku hizo. Kugeuza hakuna mbadala: ganda la nje halipati moto, na salmonela hujificha humo mpaka lipelekwe katikati. Rundo lisilofika mita 1 kwenda juu na kwa upana halitunzi joto. Kama huna kipimajoto, choma nondo hadi katikati, ngoja dakika kumi, uichomoe. Ukiweza kuikamata bila shida, joto halijatosha.

Halafu kuna beleshi. Ukigeuza mavi mabichi asubuhi na mchana ukapakia mbolea safi kwa beleshi lile lile, umeirudishia uchafu, na salmonela huzaliana upya kwa urahisi kwenye mbolea yenye unyevu iliyokwisha kupoa. Kwenye mteremko wa Bukavu, mavi mabichi yawekwe chini na mbolea safi juu. Goma, juu ya mawe ya volkano, usidanganywe na kutoona dimbwi: maji machafu yanapenya kwenye nyufa. Sakafu ya saruji yenye mfereji wa kukusanya maji hayo ni ya lazima.

Kujua kama imeiva, lowesha kidogo, funga ndani ya mfuko wa plastiki, ufungue baada ya wiki. Ikitoa amonia au uchachu, bado.

Anayeuza mavi makavu hauzi kitu kibaya. Ayaite mavi makavu tu, ili mnunuzi ayachimbie mapema. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 kati ya mavi mabichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na lengalenga (mchicha) huchumwa muda mrefu kabla ya hapo.